Gari Lililotimua Kondele

Nilinunua lile gari kwa tamaa, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa nimefundisha kemia miaka mingi nikienda kazini kwa bodaboda, sketi nimeishika kwa mkono mmoja na madaftari kwa mwingine. Siku dalali alipofungua boneti ya gari dogo jeusi la Kijapani, nikaona injini imekaa pale kwa kiburi, sikusikia tena alichokuwa akisema. Niliuliza maswali mawili tu, yote ya kijinga. Kufikia chakula cha mchana lilikuwa langu.

Dalali hakuniambia kwamba linalipuka. Ukikanyaga mafuta linaondoka kana kwamba limeitwa na mtu. Ukiinua mguu, huko nyuma kwenye ekzosi kunalia pa! pa-pa-pa! Siku tatu nilifurahi kama mtoto aliyepewa filimbi. Nilikuwa nikiinua mguu makusudi mbele ya lango la shule, na wanafunzi wa kidato cha tatu wakaanza kunisalimia kwa heshima ambayo kemia haijawahi kuniletea.

Siku ya nne nilimbeba mama kutoka kliniki ya koo. Mwaka uliotangulia alikuwa amefanyiwa upasuaji wa rovu. Uvimbe ulitoka salama, lakini sauti ikaenda nao, akabaki na mnong'ono. Kuongea aliongea, na kugombeza aligombeza sana, ila vigelegele vilikwisha. Na mama alikuwa mtu wa vigelegele. Alikuwa akiitwa hata kwenye harusi za watu asiowajua, akasimame tu mlangoni afungue koo.

Sasa ndugu yangu mdogo alikuwa anaoa baada ya wiki tatu, kanisani, kwao bibi harusi karibu na Awasi, na mama alishaanza kusema haendi.

"Mama ya bwana harusi ananyamaza kama jiwe," alininong'oneza. "Watu watasema nimekataa huyo msichana. Wacha nibaki nyumbani."

Mimi nilikuwa na mpango. Nilitaka kumpeleka Awasi kwa gari langu mwenyewe, kiti cha mbele, ameketi kama mkuu wa mkoa. Niliamini akishaonja kile kiti atabadilisha mawazo.

Tulifika Kondele saa sita mchana, soko limejaa. Bodaboda ikakata kona mbele yangu, nikainua mguu. Pa! Pa-pa-pa!

Kondele watu wamekimbizana na polisi mara nyingi, na masikio ya pale hayangojei maelezo. Milango ya mabati ilishuka pande zote mbili za barabara. Muuza nyanya aliyekuwa karibu na dirisha langu alikunja gunia lake pembe nne na kulitupia mgongoni kabla sijafunga mdomo. Mwanamume mmoja alikuwa tayari na leso yenye maji puani. Aliitoa wapi, sijui mpaka leo. "Wameanza!" mtu akapiga kelele. "Wanakuja na chini ya daraja!" Nikashtuka, nikakanyaga mafuta nitoroke vitoa machozi pamoja na wenzangu, kisha nikainua mguu. Pa-pa!

Hakuna aliyemshuku mwalimu. Nilikuwa namkimbia polisi ambaye ni mimi mwenyewe.

Mama ndiye aliyeelewa. Gari liliposimama kwenye msongamano alifungua mlango polepole, akashuka, akafunga kitambaa chake vizuri kichwani.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "hii ni bunduki. Mimi sibebwi na bunduki."

Akapanda bodaboda, miguu upande mmoja, akaenda zake bila kugeuka. Nilicheka mpaka machozi, halafu nikaacha, kwa sababu nilijua sasa ana sababu mbili za kutokwenda Awasi, na moja nimempa mimi.

Fundi niliyeelekezwa ana karakana yake nyuma ya soko, mtu mpole mwenye miwani, anashika laptopu kama padri anavyoshika misale. Alichomeka waya chini ya usukani, akasoma, akasoma tena.

"Madam, hii gari ilishapikwa," akasema.

"Kupikwa vipi?"

Alinieleza. Gari lina kompyuta inayoamua mafuta yaingie kiasi gani na cheche iwake lini. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameweka programu yake juu ya ile ya kiwandani, akaliongezea nguvu na ile milipuko, kisha akaifunga kwa kifaa chake. Fundi angeweza kuweka programu mpya, tena nzuri zaidi, lakini kwanza ilibidi ile ya zamani iondolewe na kifaa kilekile kilichoiweka. Akilazimisha, gari linaweza kukataa kuwaka milele.

"Tafuta huyo kijana alikuwa na hii gari," akasema. "Hawa vijana wa mbio, lazima bado ako na hiyo kifaa."

Dalali alinipa anwani ya Milimani. Nilikwenda nimejiandaa kupambana na kijana mwenye kofia aliyoivaa kinyumenyume. Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa umri wa mama, mkunga mstaafu, sweta limefungwa vifungo vyote, miwani kwenye mnyororo. Nilimwuliza kama mwanawe yupo.

"Niko na wasichana wawili, wote Nairobi, wote waoga," akasema. "Ni wewe uko na gari yangu? Ulinyoosha ile gia ya pili mpaka mwisho?"

Kile kifaa alikuwa amekihifadhi kwenye kabati la vyombo, kimefunikwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Miaka thelathini alikuwa akiamshwa kukimbilia akina mama wenye uchungu kwa gari la kazi lisilopanda hata tuta, aliniambia. Alipostaafu akaona sasa anunue gari linalofika. Milipuko aliiweka kwa sababu ilimfurahisha. Aliuza gari tu kwa sababu magoti yalikataa klachi. Nilipomweleza habari ya Kondele alilazimika kukaa chini na kujifuta macho. Nilipomweleza habari ya mama, aliacha kucheka.

"Nitatoa hii kifaa," akasema. "Lakini tunafanyia hapa kwangu, nikiona. Na usifute ile sauti kabisa. Mwambie fundi aweke pembeni."

Jumamosi tulikusanyika chini ya kibanda chake cha gari. Fundi aliunganisha chaja ya betri kwenye umeme wa nyumba, maana programu ikiingia nguvu ya betri haitakiwi kushuka hata kidogo. Kifaa cha mkunga kiliondoa programu ya zamani bila shida. Mpya ikaanza kuingia: asilimia kumi, ishirini, arobaini. Feni ya injini ilikuwa ikizunguka kwa nguvu, ndiyo kawaida yake, fundi akasema. Nilikuwa nikirukaruka pale nikishindwa kusimama. Asilimia hamsini na nane. Jokofu la jikoni likanyamaza.

Stima ilikuwa imekwenda.

Laptopu iliendelea kwa betri yake, lakini gari sasa lilikuwa peke yake, na feni ile inalinyonya. Namba za volti zikaanza kushuka. Fundi alitoa miwani, akaivaa tena. Mimi nilinyoosha mkono kuzima ufunguo.

"Usiguse!" Mkunga alitoa sauti ambayo bila shaka imewahi kumzuia mtu kusukuma kabla ya wakati. "Wewe, kaa mbali. Wewe, shika waya za jampa, ziko kwa buti. Nyekundu kwa nyekundu!"

Akaingia kwenye gari lake jipya, kigari cheupe kisicho na klachi, akakisogeza mpaka pua ikakaribia pua, akaacha injini inaunguruma huku fundi anafunga waya. Namba zikasita. Zikapanda. Tulisimama watatu tumeshikana mikono kama watu wa maombi, na sikumbuki nani alimshika mwenzake kwanza. Asilimia tisini. Mia. Fundi akasema nizime, nihesabu kumi, niwashe. Nilihesabu nikaruka saba.

Likawaka. Likanguruma chini chini, kwa adabu, kama mtu aliyeshiba.

Tulikwenda nalo barabara ya Dunga, mkunga pembeni amekumbatia mkoba. Nilipokanyaga mafuta mgongo wangu ulibanwa kitini, miti ikatiririka, na nilipoinua mguu hapakuwa na lolote ila upepo. Nililia kwa furaha, naye akaniambia mwalimu mzima nipunguze ujinga na niongeze mwendo. Ile sauti ilikuwa bado mle ndani, kama alivyotaka: ukibonyeza kitufe fulani cha usukani na kukishikilia, inarudi.

Kwa mama sikusema habari ya kitufe. Nilimwambia bunduki imekwisha. Alizunguka gari mara mbili, akanifanya nikanyage na kuinua nikiwa nimesimama uani, akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akapanda. Lakini alisema anakwenda harusini kuketi tu.

Na kweli aliketi. Kanisani bibi harusi alipoingia, wanawake wa upande wao walifungua koo, kengele tupu, na vichwa vikageuka kutafuta mama wa bwana harusi atajibu nini. Mama alisimama. Nilimwona akifungua mdomo. Pumzi ilitoka, pumzi tu. Akaketi na kujifanya anatafuta kitu mkobani. Niliumia kuliko siku niliyomsubiri nje ya chumba cha upasuaji.

Baada ya chakula tukapanda magari kuondoka na maharusi. Wanawake wa kule walijipanga langoni, wakaanza tena, wanatusindikiza. Upande wetu shangazi wawili walijaribu, lakini walikuwa wameshakula sana. Mama alifunga mkanda wake. Akatazama mbele.

"Ile kitu," akanong'ona. "Ulitoa kabisa kabisa?"

Nikajifanya narekebisha kioo.

"Nimekuzaa mimi. Ulitoa?"

"Hapana, mama. Iko."

"Weka."

Nilishikilia kitufe. Nikakanyaga, tukatoka langoni kwenye barabara ya murram iliyonyooka, mbele hakuna mtu. Nikainua mguu. Pa! Pa-pa-pa-pa! Mbuzi walitawanyika, mzee mmoja akashika kofia, na wanawake wale langoni, baada ya kushtuka kidogo tu, wakajibu kwa sauti zote walizokuwa nazo. Mama alikuwa ameteremsha kioo, mkono nje, leso inapepea, mdomo wazi kabisa jinsi alivyokuwa akiufungua zamani.

"Tena," akasema.

Nikakanyaga, nikainua mguu.