Landrova na Goti Langu

Ijumaa iliyopita nilikuwa natoka dukani kwangu hapa Lodwar, nikaikuta landrova imeegeshwa mbele ya nyumba ya wageni iliyo mkabala na soko. Rangi ya kijani, paa jeupe, gurudumu la akiba limelala juu ya boneti kama zamani. Iling'arishwa hata mbuzi walikuwa wakijitazama mlangoni. Kwenye kioo kulikuwa na karatasi: LINAUZWA. Nilisimama katikati ya barabara kuitazama mpaka kijana wa boda boda akanipigia honi na kuniuliza kama nimelipia hapo mahali.

Mwenye gari alikuwa fundi kutoka chini Kenya. Ndivyo tunavyosema sisi wa Turkana, kana kwamba tuko nchi nyingine. Alikuwa amekuja nalo kutembea ziwani, na sasa alikuwa tayari kumwachia mtu atakayelitunza. Akanieleza jinsi alivyolinunua likiwa chuma tupu, kwenye mnada hapa hapa Lodwar, baada ya shirika moja dogo la chanjo kufungasha na kuondoka. Alilifumua lote, akalirudisha nati kwa nati, kazi ya miaka. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

"Madam, hii gari iko fiti kuliko siku ilitoka kiwandani," akasema, akiligonga ubavuni. "Na haijawahi ona maji."

Nilicheka mpaka akanitazama vibaya. Usinilaumu. Gari hilo mimi nililiona kwa macho yangu likiwa limelala ubavu ndani ya maji, na goti langu ndilo lililolipeleka huko. Dereva wake alikuwa baba yangu. Kwa sababu ya siku ile aliuacha usukani na hakuurudia tena. Basi pale pale, mbele ya mbuzi na mwenye gari, nikaamua: nitalinunua, nimpe baba ufunguo, na nimwambie lile ambalo sijawahi kumwambia.

Kwanza ngoja nikurudishe Kakuma.

Tulikaa nyumba ya mabati, vyumba viwili, ua wa miiba. Asubuhi iliamshwa na landrova. Baba aliiwasha mapema, akaiacha ingurume peke yake huku akinywa chai ya rangi, na sisi watoto tukalala tukisikia bati la ukutani likitetemeka. Mama alikuwa akisema gari hilo linakohoa kuliko wazee wa kanisa. Mpaka leo nikisikia harufu ya dizeli na chai pamoja, naona njaa ya asubuhi.

Kila wiki baba alipeleka na kuchukua sanduku la chanjo kati ya Kakuma na Lodwar, sanduku limejaa barafu, na barafu haingoji mtu. Lakini hakuwa mtu wa kupita watu barabarani. Alibeba kila aliyeinua mkono: mwalimu anayefuata mshahara, mfanyabiashara Msomali na marobota yake ya nguo, mama na mbuzi wake wawili. Shule zikifungwa, alinibeba na mimi. Nilikaa mbele, katikati, miguu huku na huku ya gia, nikitafuna makoma, yale matunda magumu ya mkoma, mpaka meno yanauma. Nyuma walikaa wote waliobaki, na samaki wakavu wa kutoka ziwani, na harufu yao, ambayo nayo ilikuwa abiria kamili.

Lami ya siku hizi haikuwapo. Ilikuwa vipande vya kuokoteza, na laga nyingi tulivuka chini kabisa, mchangani. Laga, kama wewe umekulia kwenye mito ya kawaida, ni mto unaokaa mkavu miezi na miezi, watoto wanachezea mpira humo, halafu siku moja mvua inanyesha milimani, mbali, na wewe huku juani unaona maji mekundu yanakuja yamebeba miti mizima. Ukifika ukakuta tayari yanapita, unajiuliza swali moja tu: yamefika wapi?

Madereva wengine walimshusha abiria mmoja aingie apime. Baba alikataa. Alisema abiria mwenye haraka hana goti. Na kweli: mwalimu wangu wa darasa la pili aliwahi kusimama kwenye laga, maji yanamlowesha mkanda, na bado akapaza sauti kwamba haya ni maji ya kunawa miguu tu. Alikuwa na harusi Lodwar. Tangu siku ile kipimo kikawa mimi. Mtoto hana harusi ya kuwahi.

Baba alinifunga kamba kiunoni, ncha nyingine akaizungusha mkononi mwake mara mbili, na mimi nikaingia polepole, nimeinua gauni. Katikati niligeuka na kuinua mkono.

"Iko wapi?" baba anauliza.

"Iko goti!"

"Iko goti, twende!"

Chini ya goti tulivuka tunaimba. Juu ya goti, hata kwa kidole, tulikaa ng'ambo ya huku mpaka yapungue. Na kukaa kwenyewe kulikuwa raha. Mtu alitoa majani ya chai, mwingine sukari, mwenye mbuzi akamkamua, na watu ambao asubuhi hawakujuana jioni walikuwa wanagombana kuhusu siasa kama ndugu. Nyanya yangu wa Kaikor, mama yake baba, alipopata habari ya kazi yangu alisema maji usiyoyafika hujui wingi wake, kwa hiyo bora afike wa kwetu. Mimi nilijiona mtu mkubwa mno. Pale shuleni nani mwingine aliweza kusimamisha gari kwa goti?

Kisha mvua ikakataa. Msimu mmoja, wa pili, wa tatu. Mifugo ikaisha. Mama aliugawa uji kwa kijiko. Mimi nikapelekwa Kaikor kwa nyanya, ambaye bado alikuwa na ngamia wawili wa maziwa, na nikakaa huko kwa muda mrefu. Laga zilikuwa barabara za mchanga tu. Baba alizivuka bila hata kupunguza mwendo, na hakuna aliyekuwa na haja ya goti la mtu.

Mvua iliporudi, na mimi nilikuwa nimerudi. Mara ya kwanza kusafiri naye tena kwenda Lodwar tulikuwa na sanduku la chanjo, barafu yake imeanza kulia maji, na abiria sita. Mmoja alikuwa yule Msomali wa marobota, na mwingine mama Mkongo, msusi wa kambi ya wakimbizi, aliyeshika Biblia kifuani njia nzima. Tukafika kwenye laga, tukakuta maji yanapita. Baba akanifunga kamba. Yule mama alishtuka.

"Papa, we unafanya mutoto sawa fimbo ya kupimia? Yesu wangu!"

"Huyu ndio kipimo yangu, mama," baba akamjibu. "Hii haidanganyi."

Nikaingia. Maji yalikuwa baridi na yalivuta. Nikageuka, nikainua mkono. Baba alinitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, nakumbuka. Kisha akauliza iko wapi, nikamjibu ukweli mtupu: iko goti.

Tulipofika katikati, injini ikazima. Hakukuwa na kelele yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. Maji yakaanza kuingia kwa chini ya mlango, gari likainama upande wa mkondo, na baba akapiga kelele wote watoke kwa upande wa juu. Tukashikana mikono mlolongo mmoja, Msomali mbele, mama Mkongo nyuma yangu akiimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya kuamrisha. Baba alitoka mwisho, sanduku kichwani. Hakuna aliyeumia. Tulipokuwa tumekaa ng'ambo tunatetemeka, landrova ikalala ubavu mbele ya macho yetu, taratibu, na maji yakapita juu ya mlango wa baba.

Chanjo ziliharibika. Mkubwa wa shirika alikuja kwetu na kumhoji baba uani, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango.

"Ulipima na nini?" akauliza.

"Nilipima na macho, mkubwa," baba akasema.

Wiki ile ile mama alinivika gauni la shule, akalivuta chini, akalivuta tena, halikufika. Akasema, huyu mtoto amepanda vidole vinne tangu alipoondoka. Nikaangalia goti langu, na nikaelewa kila kitu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalitwanga kwa ngumi mpaka likavimba.

Baba hakufukuzwa. Alipewa geti. Kwa miaka saba, kila asubuhi, alimfungulia geti dereva mpya akitoka na landrova ile ile, iliyoopolewa na kutengenezwa, akampigia saluti, akafunga. Mimi nilipita hapo nikienda shule, nikatazama chini kila siku. Hilo ndilo nililotaka kulilipa Ijumaa ile.

Jumamosi nikamleta. Alikuja kwa boda boda, kofia yake ya manyoya kichwani, fimbo mkononi, akamsalimu mwenye gari "ejok" na kulizunguka gari mara mbili. Kisha akapiga magoti kwa shida, akaingiza mkono chini ya bati la juu ya gurudumu la mbele, akatafuta, akapata mahali alipowahi kuchomelea mwenyewe. Akacheka.

"Ni yeye," akasema. "Imeoga tu."

Mwenye gari, mtu mwungwana, akampa ufunguo. Baba akapanda, akashika usukani kwa mikono yote miwili. Nikapanda upande wa pili, nikafunga mlango, na nikasema haraka kabla sijaogopa.

"Baba, siku ile ilikuwa goti langu. Nilikuwa nimekua. Lilikuwa limepanda, na sikujua."

"Mimi nilijua," akasema.

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Uliingia maji, ukageuka, ukainua mkono, na mimi nikaona hii msichana imekuwa mrefu. Njaa yote hiyo. Watoto ya watu ilikuwa inabaki fupi, ingine tulizika. Na hii yangu imekuwa mrefu." Alitazama mbele, soko lote likiwa kwenye kioo. "Nikafurahi sana. Nilikuwa naangalia wewe. Sikuangalia maji."

Nililia, sioni haya kukuambia. Mwanamke mzima mwenye duka la simiti.

"Hii gari nunua kama wewe unataka kuendesha," akasema akinirudishia ufunguo. "Usininunulie mimi pole. Ile miaka ya geti nilikuwa naona wewe ukipita kwenda shule, kila siku mrefu zaidi. Hiyo kazi haikuwa mbaya."

Sikulinunua. Jumatatu alilichukua daktari mmoja wa kutoka Kitale, na nilisimama mlangoni mwa duka nikalipungia mkono bila kinyongo. Limefanya kazi yake kwetu.

Siku hizi Lodwar hadi Kakuma ni lami. Ninapita juu ya laga zote kwa daraja, simu sikioni, nikibishana na mteja kuhusu mabati, na nikifika sijui kama chini yangu palikuwa na maji au mchanga. Sitaki turudishiwe barabara ile. Nimeuguza watoto, najua thamani ya kuwahi hospitali. Lakini mwanangu wa mwisho ana miaka kumi na moja, na Jumapili alipovaa kwenda kanisani niliona suruali yake imeishia juu ya kifundo cha mguu. Nilimjaribishia ya pili, ya tatu, zote vivyo hivyo. Nikamsimamisha mlangoni na kumtazama, nikijaribu kukumbuka alianza lini kurefuka.