Kifungu Changu Kilivyopimwa Masaka

Niliondoka Bukoba nikiwa na hasira. Shemeji yangu, aliyezaliwa ng'ambo ya mpaka, alikuwa ameitwa kupe kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu, na jirani mmoja akaongeza kwamba kupe hung'olewa. Wakati huohuo kikundi chetu cha mawakili kilikuwa kinaandaa maoni ya kurekebisha sheria ya maneno ya chuki, nami nikapewa kazi ya kuandika kifungu chenyewe. Nikaandika: atakayetamka neno lolote la kuudhi, jela miaka mitatu. Wenzangu wakasema kitaziba watu midomo. Nikawajibu kwamba nitakipeleka Kigali, kwa watu wanaojua neno baya humfikisha mtu wapi. Wao wakikikubali, ubishi umekwisha.

Ijumaa jioni niliteremka Remera, jijini Kigali, nikapanda moto, kama bodaboda inavyoitwa huko, hadi mtaa wa Masaka, huku nimeshikilia kofia ngumu iliyonipwaya. Mwenyeji wangu alikuwa Mama Zubeda, fundi cherehani anayefahamiana na mama yangu tangu zamani. Alikuwa msichana redio ilipowaita majirani zake wadudu, na wengi wao hakuwaona tena. Nilikuwa na hakika atakuwa upande wangu.

"Kifungu utanisomea kesho," alisema. "Asubuhi iko umuganda. Kwanza jembe, wakili."

Jumamosi, ile ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima ulitoka kufanya kazi ya pamoja. Tulizibua mfereji mpaka viganja vyangu vya ofisini vikatoka malengelenge. Kisha tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano, na wa kwanza kusimama akawa Mama Zubeda.

"Kiongozi, maji iko inaingia kwangu kila mvua. Weye unakuja na viatu safi, unapiga picha, unaenda. Aibu!"

Watu walicheka. Kiongozi wa mtaa aliangalia viatu vyake, akaandika kwenye daftari.

Akainuka mwanamume mmoja. "Shida ni hawa watu wa kuja, wenye nyumba mpya. Wao ndio uchafu. Tuwafukuze!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Oya!" Mama Zubeda alimkatiza. "Sema mfereji. Watu usiwaseme hivyo."

Hakuna aliyemwambia yule mwanamume akae. Alisita, akaanza upya: udongo wa ujenzi unamwagwa mferejini. Hilo lilikuwa kweli, na wenye nyumba wawili wakaahidi kuuzoa.

Mchana, baada ya viazi na maharage, nilimsomea kifungu changu. Alisikiliza, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Mimi leo nimemuudhi kiongozi?"

"Umemuudhi."

"Miaka mitatu?"

"Mitatu."

Alicheka hadi akafuta machozi. "Basi nguo za Idi watu watazifuata gerezani!" Halafu akaivua futi shingoni. "Wakili, ile redio haikutuudhi. Iliambia watu waue. Mtu wa hivyo mfunge, hata mlango nitakusaidia kufunga. Lakini hasira yangu niachie."

Niliona aibu, na papo hapo nikahisi mzigo umenitoka.

Jumapili, ndani ya basi la kurudi, nilifuta kifungu chote na kuandika kingine: kosa ni kuchochea watu wadhuriwe au wafukuzwe kwa sababu ya asili yao; kumkosoa kiongozi, hata kwa ukali, si kosa. Nilikipenda. Njia nzima nilikuwa natabasamu peke yangu.

Mpakani Rusumo, nikiwa kwenye foleni ya kugongewa muhuri, nilifungua lile kundi la WhatsApp ili nikijaribu kifungu kipya. Maneno ya jirani yetu yalinaswa barabara. Chini yake nikakutana na majibu yangu mwenyewe ya siku ile: mjinga, mlevi, mchawi, yote kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeyasahau kabisa. Kwa kile kifungu cha kwanza, mimi na yeye tungefungwa siku moja, na kwa wingi wa maneno yangu, yeye angetangulia kutoka.