Kitana cha Kuazima

Msusi wa mtaani kwetu ana mkono mzito. Akikusuka, nyusi hupanda na machozi hukulengalenga, naye hucheka tu: "Ukitaka uzuri, sharti udhurike." Lakini siku alipokuja kumsuka mama kwa mazishi, vidole vyake vilikwenda taratibu, kama vya mtu anayemsuka mtoto aliyesinzia.

"Mbona leo hukazi, shangazi?" nikamuuliza.

"Huyu ataamka siku ya ufufuo. Unataka shoga yangu aamke kichwa kinamuuma, aanze kunisema?"

Alipomaliza, akachomoa kitana alichozoea kukichomeka nyweleni mwake, akamtilia mama mkononi.

"Shangazi, si ndicho unachofanyia kazi?"

"Sijampa," akasema, akimkunja vidole kimoja kimoja. "Nimemwazima."