Uso wa Mzee Kwenye Monita Yangu

Monita niliinunua ya mtumba, pana, inchi ishirini na nne, nikaibeba mwenyewe hadi kwenye steshenari yangu hapa Lemara. Nilipoiwasha, kila kitu kilikuwa kimetanuka. Herufi nene, duara zimekuwa mayai. Kwenye setingi rezolusheni kubwa kuliko zote ilikuwa nukta 1024 kwa 768, wakati monita yenyewe ni ya 1920 kwa 1080. Nikabadili draiva, nikazima, nikawasha, nikapakua masasisho mpaka bando likaisha. Wapi! Na mimi ndiye niliyekuwa nafundisha watu kompyuta mtaani, kwa hiyo kumuuliza fundi mwingine niliona aibu. Mganga hajigangi, ni kweli, ila mwenye kiburi hata kwa mganga mwenzake haendi.

Nikazoea. Barua na CV zilitoka sawa kwenye karatasi, basi nikaona yanatosha.

Kisha akaja jirani yangu, dada mmoja wa nyumba ya nyuma yetu. Baba yake alikuwa amefariki kwao Oldonyo Sambu, akataka nimtengenezee jalada la kijitabu cha ibada ya mazishi. Alinitumia picha nne kwa simu, akanionyesha moja, mzee amecheka, mashavu yamejaa.

"Hiyo ya Noeli ndiyo aliyochagua mama," akasema. "Baba ameugua miaka miwili, kaka, alikwisha kabisa. Mama anataka watu wamuage akiwa na mwili wake."

Akavuta stuli, akakaa karibu yangu kuangalia. Nikaikata picha ubaki uso tu. Uso ukajaa kioo chote, umetanda kama chapati.

"Mbona baba amekuwa mnene hivi?"

Nilitakiwa kusema sentensi moja tu: dada, monita yangu ni mbovu. Badala yake nikasema, "Simu zenu hizi zinavuta picha. Ngoja nimrekebishe." Nikaubana uso kutoka pembeni, kidogo kidogo, mpaka akasema, "Hapo. Huyo ndiye baba." Akafuta machozi, akanishukuru. Mimi nikajisemea, akitoka tu namrudisha alivyokuwa.

Alipotoka akaingia mwalimu na mitihani ya kutoa kopi, mara umeme ukakatika, mara ukarudi. Mchana nikalituma faili kwa mwenzangu wa mjini mwenye mashine kubwa ya rangi. Jirani akavichukua vijitabu huko huko, vikiwa vimefungwa. Nilikuwa nimesahau kabisa.

Siku ya mazishi nikapanda Oldonyo Sambu na majirani wengine. Kulikuwa na upepo na vumbi. Mlangoni pa hema nikapewa kijitabu, nikalitazama jalada. Mzee alikuwa na uso mrefu, mwembamba, mashavu yamebonyea, macho yamesogeleana. Nilikuwa nimemrudisha kwenye ugonjwa.

Nikaenda kumpa mama mjane mkono wa pole. Nikamwamkia, akaitikia, lakini macho yake yalikuwa kwenye kile kijitabu.

"Nilikwambia ya Noeli," akamwambia binti yake, yule jirani yangu. "Hii ya ugonjwa umeitoa wapi?"

Binti akaitazama. "Nisamehe, mama. Nitakuwa nimeonyesha nyingine. Siku zile nilikuwa sijalala."

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwao. Nikakikunja kijitabu changu, nikaenda kutafuta kiti. Wakati wa ibada, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alimwinamia mwenzake akamwonyesha jalada, akasema, "Maskini, aliteseka huyu." Nikaimba nyimbo zote kwa sauti.

Jumatatu, kwa mara ya kwanza, nikauchomoa waya wa ile monita na kuuangalia. Una pini kumi na tano, na moja ilikuwa imelala. Niliilaza mwenyewe siku ya kwanza, nilipousukuma waya kwa nguvu. Ni pini ambayo monita huitumia kuiambia kompyuta ukubwa wake. Nikainyoosha kwa kibano cha nyusi cha mke wangu, nikachomeka, na 1920 kwa 1080 ikatokea hapo hapo. Kazi ya dakika tano. Nikaichukua picha ile ya Noeli, sikuigusa upande wowote, nikaichapa kubwa na kuitia fremu.

Nilipanda nayo Oldonyo Sambu nikiwa nimeshapanga maneno ya kusema. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka mapajani, akapitisha kidole kwenye shavu la mumewe.

"Hii uliipata wapi?" binti, aliyekuwa bado pale msibani, akaniuliza.

"Ilikuwa kati ya zile ulizonitumia," nikasema.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama akasema. "Wewe usiyemjua umemtafuta mpaka ukampata, na huyu niliyemzaa ameshindwa kuutambua uso wa baba yake."

Binti akainamisha kichwa. Mimi nikasema amina, nikapokea kikombe cha chai.