Kocha Kwamboka na Kombe la Nne

Chuoni kila mtu alimwita Kocha, hata wapishi wa bwenini ambao hawakuwahi kuona mpira wa magongo wa barafuni ukichezwa. Kwamboka alijifunza kuteleza Nairobi, kwenye kiwanja kidogo cha barafu ndani ya hoteli. Alikuja Durban kusomea sayansi ya michezo, na alipomaliza, chuo kikampa timu ya wasichana isiyokuwa hata na kipa. Wengi wao barafu waliijua ya kwenye friji tu. Akaanza kwa kuwafundisha kuanguka. Walioweza kuanguka bila woga ndio aliowafundisha kukimbia.

Timu ile ikabeba kombe la vyuo mara tatu mfululizo, na makocha wa miji mingine wakawa wanakuja kumtazama akiendesha mazoezi.

Mfungaji wake mkuu alikuwa Estella, binti wa Kirundi aliyelelewa Point, mtaa wa karibu na bandari ya Durban, na mama yake, Epiphanie, fundi wa kushona. Katika fainali ya nne, mabao yakiwa sawa, Estella alisukumwa akagonga kichwa ukutani mwa uwanja. Aliinuka mwenyewe. Melvin, mhudumu wa afya wa timu, alimshika kidevu akamtazama machoni.

"Mtoe, Kocha. Huyu hayuko sawa."

"Estella, unanisikia?" Kwamboka aliuliza.

"Niko sawa, Kochi. Nirudishe."

Macho ya msichana yalikuwa yanahangaika, hayatulii mahali. Kwamboka aliyaona. Akageuka akatazama saa ya uwanja, kisha akamfungulia mlango mdogo wa kuingilia barafuni. Estella alifunga bao la ushindi. Muda mfupi baadaye akasukumwa tena, akaanguka chali.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, medali ikiwa shingoni, Estella aliuliza, "Tumeshinda?" Wenzake wakacheka wakidhani anatania. Aliuliza tena vilevile, kwa sauti ileile, na kicheko kikakatika.

Hospitali walisema ubongo umetikisika, na kwamba pigo la pili ndilo lililoharibu mambo. Estella akawa hawezi kuvumilia mwanga wala kusoma ukurasa mmoja. Muhula ule hakurudi darasani.

George, mkuu wa michezo chuoni, alikuwa anapanga sherehe. Kwamboka alipomwambia anataka kuieleza kamati ya ligi jinsi mambo yalivyokuwa, George alishusha pumzi.

"Kwamboka, kuumia ni sehemu ya mchezo. Utajichimbia kaburi, na hiyo haitamponya."

"Najua haitamponya."

Alikwenda kwa kamati akasema yote. Akafungiwa msimu mzima. Lakini kabla ya kwenda huko alishuka kutoka mtaa wa Berea, akapanda taxi mpaka Point. Epiphanie alimfungulia mlango, mapazia nyuma yake yakiwa yamefungwa mchana kweupe.

"Mwalimu," Epiphanie alisema, "nilikupa mtoto muzima."

"Ndiyo, Mama Estella. Niliambiwa nimtoe. Niliona mwenyewe kwamba ameumia, nikamrudisha. Nilitaka kombe."

Mama hakupaza sauti. Alibaki akikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. Kwamboka alisubiri afukuzwe.

"Mimi niko na nguo za watu za kumaliza," Epiphanie alisema mwishowe. "Dawa iko mezani, maji iko pale. Mupatie."

Kuanzia siku hiyo Kwamboka akawa anakuja kila alipoweza. Alimsomea Estella masomo yake kwa sauti ya chini, aya mbili tatu, akiacha kichwa kilipoanza kumuuma msichana. Epiphanie hakumkaribisha chai hata mara moja. Hakumfungia mlango pia.

Msimu uliofuata timu ilitolewa mapema, na wapo chuoni waliomlaumu Kwamboka kwa mdomo wake. Estella alirudi kusoma polepole, somo moja moja. Barafuni daktari alimkataza kabisa.

Adhabu ilipokwisha, chuo kikamwita Kwamboka arudi kufundisha. Alikwenda kumwambia Estella kabla ya kujibu. Msichana alikuwa amejilaza, mkono juu ya macho, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile ungenitoa, ningekuchukia, Kochi," alisema.

"Najua."

"Ningekuchukia sana." Akaushusha mkono, akamtazama. "Lakini ungenitoa tu."

Kwamboka alitaka kuomba msamaha tena, akaona hilo lingemlazimisha msichana kujibu. Akachukua kitabu, akamsomea kwa sauti ya chini mpaka usingizi ulipompitia.