Mwaka Mama Aliposomea Kunyamaza

Enzi zetu watoto tulikuwa na kazi za maana. Najua mtacheka, maana nina miaka kumi na sita na niko kidato cha tatu, na kuna mwalimu wetu alishaniambia kuwa mtu wa umri wangu hana enzi, ana jana tu. Ninazo. Ninyi mliokulia Ilomba, hapa Mbeya, pamoja nami mnajua. Mnakumbuka baridi ya mwezi wa sita tulivyolala na masweta ya shule na asubuhi tukaenda nayo darasani yakiwa yamekunjamana. Mnakumbuka rede ya mpira wa soksi, parachichi la kupaka chumvi, kande lililochemka kutwa nzima na bado maharage mawili matatu yakabaki magumu kama kokoto. Na mnamkumbuka Mama akiita kutoka mlangoni. "Nikiita mara ya pili," alikuwa anasema, "usije, nitakuja mwenyewe." Siku hizi mtoto anaitwa mara sita, anajibu "subiri nimalize hii game."

Mama yangu ni nesi wa kliniki ya mama na mtoto. Mwaka ule nikiwa darasa la tatu alipelekwa mafunzo kazini, ya kuwasaidia akina mama wanaonyonyesha. Tulishangaa. Sisi tulidhani ukishavaa gauni jeupe umemaliza shule. "Nesi hamalizi," Mama alituambia, kwa sauti ya mtu ambaye angependa kumaliza.

Wakati huohuo mdogo wake, Mamdogo Vumi, alikuwa amejifungua kule Ilula, mkoani Iringa, anakoishi na mume wake na mama mkwe. Mtoto aliitwa Neema, na Neema alikuwa halali. Analia, ananyonya kidogo, analia tena, na kwenye mizani hapandi. Mama mkwe alishaona suluhisho: uji. Mtoto hajafikisha hata miezi miwili. Mama akampigia mdogo wake simu, akamhutubia. Mweke hivi, mshike vile, usimpe uji, unasikia? Kesho yake akahutubia tena. Siku ya tatu simu ya Mamdogo ikaita mpaka ikakatika. Ikawa hivyo wiki nzima. Huko Ilula mtoto anakonda, na mtu pekee kwenye ukoo anayejua cha kufanya hapokelewi simu.

Basi Mama akawa anakwenda kwenye mafunzo yake na uso wa mtu aliyemeza kidonge bila maji, na jioni anarudi na mazoezi ya nyumbani. Soksi moja ya Baba ya kahawia ikajazwa pamba, ikafungwa fundo mbele, ikawa ziwa. Mdoli wa Dada Atu aliyekatika mguu akawa mtoto. Anahitajika mama anayenyonyesha. Dada Atu alikuwa darasa la saba na alisema ana heshima zake. Kwa hiyo nikawa mimi.

Mkufunzi wao alikuwa amewapa sheria mbili. Ya kwanza, mikono nyuma. Manesi walizoea mama akisema mtoto hanyonyi, nesi anashika ziwa kwa mkono mmoja na kichwa cha mtoto kwa mkono mwingine, anavikutanisha kama anachomeka plagi, anaondoka. Yule mama akifika nyumbani hana nesi wa kumchomekea. Sheria ya pili, uliza swali halafu nyamaza. Hii ya pili ndiyo iliyotaka kumuua Mama.

"Karibu, mama," ananiambia, mimi nimekaa kwenye stuli, khanga kichwani, soksi kifuani. "Mtoto anaendeleaje?"

"Hashibi, dada nesi. Halafu baba yake mlevi."

"Ya baba yake yaache. Mgeuze mtoto, mlete huku, tumbo lake..."

"Mikono!" Dada Atu anapiga kelele. Yeye alijiteua msimamizi wa mtihani.

Mikono ya Mama ilikuwa imeshafika kwa mdoli bila yeye kujua. Kila mara hivyohivyo. Tukaona dawa ni kumfunga. Dada Atu alimfunga mikono nyuma kwa khanga, fundo zuri kabisa, na mazoezi yakaendelea. Baba alirudi kazini akamkuta mke wake amefungwa kama mwizi wa kuku na mwanawe wa kiume ananyonyesha mdoli wa mguu mmoja. Alisimama mlangoni kidogo, akauliza, "Chakula kipo?"

Nilikuwa mteja mbaya sana, naomba hilo liandikwe. Mama akiuliza "unajisikiaje ukimnyonyesha?" mimi nakaa kimya makusudi, namtazama, nahesabu mbao za dari. Anatoka jasho na baridi yote ile ya Mbeya. Mdomo unafunguka, anaufunga. Lakini kadiri siku zilivyokwenda akawa anaweza. Akaanza kutufanyia hata sisi. Ukimwambia hutaki kuosha vyombo anasema, "Nasikia unasema umechoka," halafu anakutazama tu, anasubiri. Ni heri kofi. Niliosha vyombo vingi msimu ule kwa sababu ya ule ukimya.

Mafunzo yalipoisha aliomba ruhusa kazini, tukapanda basi kwenda Ilula, mimi na yeye. Nyumba ya Mamdogo iko karibu na barabara kuu, na ukishuka tu unakutana na nyanya. Nyanya kwenye ndoo, kwenye matenga, zimepangwa mafungu kama piramidi, na wauzaji wamekaa wamekodolea macho barabara kama wanasubiri mpira wa kona. Basi likipunguza mwendo wote wanaruka kwa pamoja, ndoo juu, wanakimbilia madirishani.

Mama mkwe alitupokea vizuri. "Kamwene," akasema, wakasalimiana kwa Kihehe habari za mvua, za mahindi na za kila mtu anayejulikana. Jikoni kulikuwa na kisufuria kidogo juu ya mafiga. Mama alikiona. Mimi pia nilikiona, na nilijua ni uji wa nani.

Mamdogo Vumi alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, Neema mapajani, mdogo, ngozi ya shingo imelegea.

"Haya, dada," akasema bila kuinua macho. "Anza hotuba."

"Sina hotuba."

"Mbona mikono iko nyuma? Unakaguliwa?"

"Nimezoea tu." Mama akakaa kwenye mkeka, chini kuliko mdogo wake. "Kumnyonyesha kunakuwaje, Vumi?"

Halafu akanyamaza. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Mimi nilijua ukimya ule, nilishauonja, nikaanza kumhurumia Mamdogo.

"Kunauma," Mamdogo akasema mwishowe. "Dada, kunauma mpaka akiamka naogopa."

"Unaogopa."

"Mpaka pamechanika. Namuweka nikiwa nimechuchumaa kule kwenye nyanya, sikio liko barabarani. Basi likipiga honi namchomoa nakimbia. Nikirudi analia, namuweka tena, basi lingine. Nikiacha kuuza, mama hapa ataniona mvivu."

"Ukisikia honi unamchomoa," Mama akasema.

Nyumbani angeniambia mimi hivyo ningemcheka kwamba anarudia kama kasuku. Mamdogo alilia. Mwiko wa mama mkwe ulikuwa umesimama hewani.

Mama hakumgusa. Alikunja khanga yake ikawa kama mtoto, akaikumbatia mwenyewe: tumbo la mtoto kwa tumbo la mama, mgongo umeegemea ukuta, anasubiri mdomo ufunguke wote kabla ya kumsogeza, ziwa liingie hadi kule ndani, si ncha tu. Alifanya taratibu, akaacha. "Wewe unaonaje?" akauliza.

Mamdogo akajivuta akaegemea ukuta. Akamgeuza Neema. Neema akafungua mdomo mdogo, Mamdogo akangoja. Akafungua zaidi, akangoja. Akafungua kama ndege, akamsogeza. Nilimwona anakunja uso akisubiri maumivu. Halafu uso ukakunjuka.

Hapo basi likapiga honi.

Watu wa nyanya wote wakainuka. Na Mamdogo naye, miguu yake ilianza kuinuka yenyewe, kama mikono ya Mama kwa yule mdoli. Nikamwona Mama amevuta pumzi ya kusema "Kaa!" Shingo ilimvimba. Hakusema.

"Kaa chini, Mama Neema," mama mkwe akasema. "Leo nyanya nauza mimi. Ulikuwa unaumia na unaninyamazia?"

Akamwekea mwiko Mama mapajani, akajifunga khanga kiunoni, akachukua ndoo na kukimbia, bibi mzima, anawapita vijana. Ndani tukabaki tunamsikiliza Neema akimeza. Sauti ndogo, kama mtu anayebisha hodi kwa ncha ya kidole. Uji ule niliula mimi. Ulikosa sukari.

Neema sasa yuko shule. Likizo akija Ilomba tunaficha mkate.

Mama bado anasoma, maana nesi kweli hamalizi. Ila siku hizi mafunzo yako kwenye simu. Anavaa vile visikizio, anatazama video, anabonyeza jibu, simu inampongeza, cheti kinakuja chenyewe. Anajua mambo mengi kuliko zamani, hilo simbishii. Mdogo wangu Eze, ambaye yuko darasa la tatu kama nilivyokuwa mimi, anakaa pembeni yake na game yake, wote wameinamisha vichwa, nyumba imetulia kama benki. Hajui hata mdoli alikuwa wa nini.

Juzi nilivuta stuli nikakaa mbele ya Mama, nikabana sauti. "Dada nesi, mtoto wangu hashibi."

Akatoa kisikizio kimoja. "Mama gani ana ndevu?" akasema, akacheka kidogo, akakirudisha sikioni.

Nilibaki pale kwenye stuli kwa muda, labda angeniuliza swali.