Kaseti Iliyobeba Salamu za Nyumba Nzima

Nyumbani kwetu Kuze kuna mwanamume mmoja asiyekula wala kunywa, lakini kila siku baada ya alasiri lazima tumnyamazie. Ni mhadhiri wa dada yangu. Mwenyewe yuko chuo kikuu, Nairobi. Huku kwetu anaishi ndani ya redio ya kaseti. Dada anafundisha shule ya msingi kule Makupa na digrii yake anaisoma kwa posta. Chuo kinamletea mihadhara kwenye kaseti, naye anaisikiliza huku akipiga pasi, anarudisha nyuma, anasikiliza tena, mpaka sote tunajua mahali mhadhiri anapokohoa. Mimi namwiga vizuri kuliko anavyojiweza mwenyewe. Nakohoa mara moja, nasema, "Sasa, wanafunzi wangu, hapa tutue kidogo," na dada ananirushia chochote kilicho karibu. Pasi bado hajairusha.

Bibi yeye humwitikia. Mhadhiri akisema, "Hamjambo, wanafunzi wangu?" bibi hujibu kutoka kitandani kwake, "Hatujambo, baba."

"Bibi, hakusikii huyo," nilimwambia siku moja.

"Nani amesema ni lazima asikie? Mtu yuwatusalimu ndani ya nyumba yetu, tumtolee mato tu kama mbuzi?"

Mwaka jana likizo ya Aprili, mhadhiri alizua jambo jipya. Alichoka kusema peke yake, akataka safari hii wanafunzi wajibu swali la fasihi kwa sauti zao, kwenye kaseti, na kaseti ifike mezani kwake kabla ya Jumamosi adhuhuri. Itakayochelewa haisikilizwi. Kwa dada hiyo haikuwa kazi ya kawaida: ndiyo iliyobaki kuamua kama atapita mwaka. Kulikuwa na posa imekuja kutoka Malindi, ya mtu ambaye dada alikuwa akimwita "yule wa meno," na baba alikuwa amesema wazi: "Ukipita mwaka huu, utaendelea na masomo yako na watu wa Malindi nitawapa udhuru. Usipopita, nitawajibu wanavyotaka." Baba ni karani bandarini Kilindini. Akishasema neno limeshapigwa muhuri.

Basi Alhamisi asubuhi dada alirekodi jibu lake lote, kwa sauti ile anayoitumia kwa wazazi wa wanafunzi. Akarudisha nyuma hadi mwanzo wa hitimisho, akasikiliza maneno mawili matatu, akayapenda, akaizima palepale. Kisha tukatoka mimi na yeye kununua bahasha. Tuliporudi akaitia kaseti ndani, akalamba gundi, tukaenda moja kwa moja hadi posta. Njia nzima alikuwa mwepesi, hata akaninunulia achari ya embe.

Chakula cha mchana, baba akiwa kazini, bibi akachambua mwiba wa samaki, akasema, "Nimemuuliza kama ana mke."

"Nani, bibi?"

"Huyo mwalimu wako."

Dada akacheka. "Umemuuliza wapi?"

"Kwenye kaseti. Ulipokwenda dukani."

Lazima nieleze. Sisi tuna ami yetu Maskati, na barua zake hatuziandiki, tunazisema. Kaseti hupita mkono kwa mkono, kila mtu lazima atie neno, na haitoki nyumbani ikiwa na nafasi. Kaseti iliyobaki nafasi ni kama sahani ya nusu kwa mgeni. Kwa hivyo bibi ni fundi wa kile kitufe chekundu cha kurekodi kuliko sote. Aliiona kaseti inakwenda safari, kwa mtu aliyetusalimu mwaka mzima, na haina hata salamu moja ya nyumba. Angefanyaje?

Dada alikuwa ameacha kutafuna. "Bibi, ulisogeza mbele kwanza?"

"Nisogeze niende wapi? Nilianzia ulipoachia wewe."

Pale alipoachia ndipo hitimisho lilipoanzia. Hitimisho lote lilikuwa limefutwa, na juu yake limekaa goti la bibi, bei ya nguru, salamu kwa mama yake mhadhiri kama yu hai, na swali la mke.

Mimi nilicheka. Nilijaribu kujizuia, wallahi, lakini wali ulinitokea puani. Dada hakunirushia kitu, na hapo ndipo nikajua mambo yameharibika.

Bahasha ilikuwa imeshamezwa na sanduku la posta. Dada alishuka dukani akampigia baba simu, akarudi akipanda ngazi mbili mbili. Kuna karani mwenzake baba, mtu wa bara, aliyekuwa akisafiri kwa treni ya Nairobi jioni ile ile. Kaseti ikimfikia kabla ya magharibi, ataifikisha kwa mkono wake. Ilibidi jibu lirekodiwe upya lote, kwenye kaseti nyingine, sasa hivi.

Lakini hebu jaribu kurekodi chochote Kuze mchana. Dada alifunga madirisha, akatundika blanketi mlangoni, akaanza. Chini, seremala akaanza naye: ko, ko, ko. Akazima. Akaanza tena, mkokoteni ukapita na mwenyewe anapiga makelele apishwe. Akaanza mara nyingine, watoto wa madrasa wakafunguliwa, wote kwa pamoja, kama kuku. Adhana ya alasiri ilimkuta katikati ya sentensi. Hiyo haina wa kuilaumu. Alikuwa anatembea kutoka ukutani hadi ukutani na karatasi zake, jasho linamtoka, na mimi nikawa natembea nyuma yake bila kujua kwa nini.

"Wee! Shuka ukawanyamazishe," akaniambia. "Sijali utasema nini."

Hilo la mwisho, mtu mzima hapaswi kuniambia mimi.

Nikajitupia buibui, nikashuka. Ningewaambia dada anasoma, wangenicheka. Ningesema kuna mgonjwa, wangepanda kumwona. Nikamwendea seremala, nikamnong'oneza, "Ami, tafadhali punguza nyundo. Wazee wako juu. Ile posa inajibiwa."

Nyundo ikawekwa chini kama yai. Seremala akamnong'oneza mwenye mkokoteni, mwenye mkokoteni akamwambia jirani yetu wa ng'ambo, na kichochoro kizima kikatulia. Watu wa Kuze hawanyamazi kwa amri. Hunyamaza kwa kutaka kusikia. Walisimama pale, vichwa juu, na sauti ya dada ikiteremka kwa mbali, polepole, ya heshima, kama mtu anayetoa hoja nzito. Akafika mwisho. Nikamsikia akisema, "Ahsante sana, nimeridhika na maelezo hayo."

"Ameridhika!" akasema jirani, na vigelegele vikapasua kichochoro.

Kaseti ilikuwa ingali inazunguka. Nafasi ya kurudia haikuwapo. Nilikimbia nayo hadi njia kuu, baba akaipokea akiwa ameshaingiza mguu mmoja ndani ya teksi ya kwenda stesheni. Magharibi, msikitini, alipewa mikono ya hongera mpaka akarudi amevimba kwa hasira. Alinitazama mimi tu, na mimi nikaenda kuosha vyombo visivyo vyangu.

Wiki zilizofuata nyumba haikukalika. Dada alikuwa anapiga pasi nguo zilizokwisha kupigwa. Watu wa Malindi, habari zikiwa zimewafika, walituma halua. Baba aliiweka juu ya kabati, akakataza isiguswe, na kila akipita akaitupia jicho. Hata mimi nilipunguza mzaha.

Hatimaye kaseti ikaja. Tulikaa wote. Mhadhiri akakohoa. Alisema amepokea kaseti mbili, ameisahihisha ile ya pili, na kazi imepita. Akatua kidogo. "Sijapata kusikia," akasema, "hitimisho likipigiwa vigelegele. Lakini safari nyingine, tafadhali, rekodi mahali pa faragha."

Dada alifunika uso kwa kanga, akacheka humo humo. Baba aliinuka, akaishusha halua, akaifuta vumbi kwa mkono wa kanzu. "Kesho hii inarudi Malindi," akasema.

Bibi ndiye aliyebaki ameukabili ule mtambo. "Na mimi je? Hata goti hakuniulizia?"

"Bibi, mtu ana wanafunzi wengi," nikasema.

"Basi nisimwone tena!"

Kesho yake jioni dada akatia kaseti mpya ya muhadhara. "Hamjambo, wanafunzi wangu?" Bibi akajigeuza, akatazama ukuta. Tukangoja. Salamu ni deni zito hata kwa mtu aliyenuna.

"Hatujambo," akasema kwa ukuta. "Lakini tumekasirika."